Baba anataka German Shepherd, mtoto anataka Chihuahua: tuchukue mbwa gani?

SWALI

Habari za kazi, wataalamu wa safu hii.

Tuna watoto wawili, wa kiume wa miaka 6 na wa kike wa miezi 22. Tangu mwaka uanze nyumba haina amani kwa sababu ya mbwa ambaye hata hatujamleta. Mume wangu anataka German Shepherd. Anasema atalinda nyumba usiku na kucheza na watoto mchana. Wifi yangu ana Beagle na anaapa kwamba hakuna mbwa mpole kama huyo. Kijana wetu alimwona Chihuahua kwa rafiki yake, akambeba mikononi, na tangu siku hiyo halali bila kumtaja. Mimi nimeegemea Labrador, maana kila ninayemuuliza ananiambia ndiye mbwa wa familia.

Sasa jambo limekuja mbio. Mtu anayefanya kazi na mume wangu ana watoto wa Labrador wa wiki 5 na anatupa mmoja bure. Anataka tumchukue Jumamosi hii, eti akija angali mdogo atatuzoea sisi na kumsahau mama yake.

Mchana sote wawili tuko kazini. Watoto hubaki na mama mkwe, ana miaka 68 na magoti yanamsumbua. Tuna ua wenye uzio wa mita 1.5. Kijana ana pumu ya hapa na pale, si kali. Binti yuko kwenye umri wa kushika kila kitu na kukivuta.

Naomba mnijibu bila kuzunguka. Tuchukue aina gani? Huyo wa wiki 5 tumkubali? Kuna mbwa asiyemsumbua mwenye pumu? Na kijana anataka kujua kama ataruhusiwa kumlisha na kumtembeza mwenyewe.

Mama Wawili

JIBU

Mama Wawili, huyo wa wiki 5 msimchukue Jumamosi. German Shepherd si wa mwaka huu. Chihuahua na mtoto wa miezi 22 wasikae nyumba moja. Kinachowafaa ni mbwa aliyekwisha kukua, wa miaka 2 hadi 5, wa kimo cha kati au zaidi kidogo, ambaye amewahi kuishi na watoto wadogo na mwenye mbwa anaweza kukueleza waliishije. Labrador jike wa namna hiyo atawafaa sana. Chotara mtulivu ambaye hakuna ajuaye mbegu yake atawafaa vilevile. Akikosekana, ngojeni binti afike miaka 4 au 5.

Wengi huchagua mbwa kwa imani kwamba mwana wa nyoka ni nyoka: ukishajua mbegu, umejua tabia. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti uliokusanya majibu ya wenye mbwa zaidi ya 18,000 na kusoma vinasaba vya mbwa zaidi ya 2,000. Mbegu ilieleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Ndiyo maana katika uzazi mmoja wa Labrador utamkuta mpole na mkorofi, wote wamenyonya ziwa moja. Ila msiitupe mbegu. Inakuambia mambo manne ya kutegemeka: uzito, manyoya, magonjwa yanayomvizia, na kazi ambayo mababu zake walichaguliwa kuifanya. Hili la kazi ndilo husahaulika, na ndilo linalomgusa binti yako.

Mbwa wa kuchunga, kama Border Collie, Australian Shepherd na huyo German Shepherd wa mume wako, walichaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa uwezo wa kumwandama mnyama anayekimbia na kumrudisha kundini. Sebuleni kwako hakuna kondoo. Kuna mtoto anayekimbia kwa hatua za kuyumba huku akipiga yowe la furaha. Mbwa huinamisha kichwa, hukaza macho, humzunguka, halafu humbana kisigino kwa meno ya mbele. Hana hasira hata chembe, yuko kazini. Lakini kisigino cha mtoto ni kilekile, na mtoto akianguka, uso wake unakuwa kimo kimoja na mdomo wa mbwa.

Kuhusu German Shepherd hasa: dume ana kilo 30 hadi 40, jike 22 hadi 32. Ni mwerevu, hufundishika kuliko mbwa wengi, na wapo waliolea watoto wa watu vizuri kabisa. Lakini anahitaji mtu mzima wa kumshughulisha mwili na akili karibu saa mbili kila siku, na kwenu mtu huyo hayupo. Zaidi ya hapo, mume wako anamtaka mnyama mmoja kwa kazi mbili zisizopatana. Mlinzi husifiwa kwa kuwashuku wageni, na nyumba yenye mtoto wa miaka 6 haiishi wageni wadogo. Siku kijana na rafiki yake watakapoanza mieleka kwenye zulia, mbwa mwenye hulka ya ulinzi anaweza kuona wa kwao anapigwa. Kama shida ni kujua kuna mtu getini, mbweko wa mbwa yeyote wa kilo 25 unatosha. Aliye upande wa pili wa ukuta hajui anayebweka ni Labrador.

Labrador na Golden Retriever wanatoka kwenye kazi nyingine. Walizalishwa wamletee mwindaji ndege aliyepigwa risasi bila kumponda, kwa hiyo walichaguliwa wenye mdomo mwororo na hamu ya kufanya kazi bega kwa bega na mtu. Hapo ndipo sifa ya mbwa wa familia ilipotoka, na ina ukweli. Usichoambiwa ni kwamba Labrador mwenye umri wa miezi 8 hadi 18 ni kijana aliyefika kimo cha utu uzima bila akili yake. Ana kilo zisizopungua 25, anaruka kusalimia, na mkia wake mgumu kama fimbo unapita kwenye kimo cha uso wa binti yako. Watoto wadogo wengi huumizwa na Labrador kwa kuangushwa tu, siyo kwa kung'atwa.

Jambo la pili kwa Labrador ni tumbo. Mwaka 2016 watafiti waligundua kwamba takriban mmoja kati ya wanne ana kasoro ya kinasaba inayofanya asipate ishara kamili ya kushiba. Mbwa wa hivyo akiishi chini ya kiti cha mtoto anayedondosha chakula, ndani ya mwaka mmoja mnaweza kuwa na pipa lenye miguu minne. Uzito huo huangukia nyonga na viwiko, sehemu ambazo tayari ni dhaifu kwa mbegu hii na kwa Golden pia. Ukinunua kwa mzalishaji, omba matokeo ya eksirei ya nyonga na viwiko vya baba na mama. Akikujibu kwamba "wazazi wako fiti, hawajawahi kuchechemea", hajajibu swali.

Wifi hakudanganya kuhusu Beagle. Ni mbwa wa kuwinda kwa kundi, na asiyeelewana na wenzake hakuwekwa kundini, ndiyo sababu wengi wao ni wavumilivu. Kilo 9 hadi 11 ni uzito mzuri: haangushi mtoto, na mtoto hamvunji. Shida yake ni pua. Akishapata harufu, masikio yanaziba. Uzio wenu wa mita 1.5 hatauruka, atachimba chini yake. Mfukie wavu kina cha sentimita 30 kuuzunguka ua wote na kila atokaye afunge geti. Akiachwa peke yake halii kwa kubweka tu, hutoa sauti ndefu ya kulialia ambayo majirani wataifahamu mapema. Labrador mtu mzima asipopatikana, Beagle mtu mzima ndiye chaguo langu la pili kwenu.

Chihuahua sasa, kwa ajili ya kijana. Ana kama kilo 3 au chini ya hapo, na wengi wao hubaki na sehemu laini utosini maisha yao yote. Akiponyoka mikononi mwa mtoto aliyesimama, mfupa wa mguu wa mbele huvunjika kirahisi. Mbwa aliyeumizwa mara moja na mikono midogo huanza kujihami kabla haijamfikia, na watu husema ana hasira za bure. Jack Russell ana mwili imara zaidi, ila mwepesi wa kukasirika anaposhikwa ghafla. Simshauri kwa mwenye mtoto wa chini ya miaka 5.

Wengine mtakaosikia wakitajwa niwapitie haraka. French Bulldog na Pug ni wapole, lakini pua iliyobanwa huwanyima pumzi, hasa kwenye joto. Huo mkoromo unaowachekesha watu ni ugonjwa. Cavalier King Charles Spaniel, kilo 5.9 hadi 8.2, pengine ndiye mwenye moyo laini kuliko wote. Moyo huohuo ndio unaomwua: ugonjwa wa vali umeenea sana katika mbegu hii, kwa hiyo msimchukue kabla wazazi wake hawajapimwa moyo na daktari. Poodle anadharauliwa kwa ajili ya mitindo ya kunyolewa, na ni kosa. Wa kimo kikubwa ni mbwa wa familia hodari sana kwa mtu aliye tayari kumnyoa kila wiki 6 hadi 8 na kumchana katikati, la sivyo manyoya hufungana mpaka ngozini na kumuuma.

Turudi kwa wa Jumamosi. Mtoto wa mbwa wa wiki 5 yuko katikati ya darasa ambalo ninyi hamwezi kumfundisha. Akimng'ata ndugu yake kwa nguvu, ndugu hulia na mchezo hukatika. Akimng'ata mama chuchu, mama huondoka. Kwa kurudia hivyo ndipo anapojifunza kupima nguvu ya taya. Aliyeondolewa mapema huja kwenu na somo hilo likiwa nusu, na mwanafunzi mwenzake atakuwa binti yako. Asiondoke kwa mama kabla ya wiki 8. Hoja ya kwamba mdogo atawazoea zaidi haina mashiko. Mbwa humzoea mtu katika umri wowote, hata wa miaka 7. Kipindi cha kuzoea dunia, yaani watu wa kila umri, sauti, magari, watoto wanaolia, kinaanza wiki ya 3 na kufifia kati ya wiki ya 12 na 14. Kwa hiyo akija wiki ya 8 bado muda upo wa kutosha.

Lakini hata akifika wiki 8, kwa nyumba yenu bado nasema hapana. Ana meno 28 ya utotoni, membamba kama sindano, na hayaanzi kung'oka mpaka mwezi wa 4 hivi. Mpaka yote 42 ya ukubwani yatimie kwenye mwezi wa 6 au wa 7, kila kinacholegea na kusogea kitatafunwa: pindo la gauni, kamba za viatu, vidole. Binti atafanya mambo matatu kwa pamoja, atapiga kelele, atainua mikono juu, atakimbia. Kila moja linamwambia mtoto wa mbwa kwamba mchezo umenoga. Halafu kuna mkojo. Kadirio la kawaida ni kwamba anaweza kuubana saa moja kwa kila mwezi wa umri wake, maana yake wa miezi miwili atolewe nje kila baada ya saa mbili, na mara tu anapoamka, anapomaliza kula na anapomaliza kucheza. Hesabu ni mara ngapi mama mkwe atainuka na magoti hayo. Tena anatakiwa alale kama saa 18 kwa siku, kwenye nyumba ambayo kuna mtu wa miezi 22 asiyejua maana ya "usimwamshe".

Mkishapata habari za mbwa mtu mzima, iwe ni kutoka kituo cha kuokoa wanyama au kwa familia inayohama, nendeni kumwona mara mbili. Mara ya kwanza nendeni ninyi wawili bila watoto. Msimfuate. Chuchumaeni kwa upande, msimkodolee macho, mngoje aje. Akija, mkune kifuani kwa sekunde 3, kisha ondoa mkono. Anayependa kuguswa atasogea, atakusukuma kwa pua au kukuegemea. Anayegeuza uso, kujilamba pua au kupiga mwayo bila usingizi anakuambia imetosha. Rudia mara nne au tano, kisha gusa masikio, nyayo na shina la mkia polepole, kwa sababu ndiko binti atakakoshika kwanza.

Halafu dondosha funguo sakafuni, mita 3 kutoka kwake. Kushtuka si kosa. Tazama kinachofuata: mzuri hurudi ndani ya sekunde chache kuzinusa zile funguo, aliyejificha chini ya meza na kukataa kutoka hataiweza nyumba yenye sufuria zinazoanguka. Mwombe mwenyewe ampe chakula, nawe upite mita 2 hivi kutoka kwenye bakuli. Usitie mkono, hiyo ni michezo ya kutafuta jeraha. Akiendelea kula mwili ukiwa umelegea, vizuri. Akianza kula kwa pupa, akikauka shingo, akiliinamia bakuli na kukutazama kwa pembe ya jicho mpaka weupe ukaonekana, huyo analinda chakula. Wapo wanaofundishika, ila si katika nyumba ambayo chakula kiko mkononi mwa mtoto kutwa nzima.

Mara ya pili wapelekeni watoto, mbwa akiwa kwenye kamba, kijana ameketi, binti umempakata. Hapa ndipo wengi hudanganyika. Wanatafuta mbwa "anayevumilia", na wakimwona aliyesimama kama nguzo huku mtoto akimshika wanasema jamani, mpole huyu. Mbwa aliyeganda, mdomo umefungwa, pumzi imepungua, hajatulia. Amejikaza. Mnayemtaka anakuja mwili ukiyumba kwa ulegevu, ananusa viatu, anaondoka, anarudi tena kwa hiari yake. Kuondoka ni sifa kubwa, maana yake akichoshwa atachagua kwenda zake.

Muulizeni mwenyewe maswali yasiyojibika kwa ndiyo au hapana. Mara ya mwisho alipomngurumia mtu ilikuwaje? Aliishi na watoto wa umri gani, kwa muda gani? Usiku hulala wapi? Kwa nini mnamtoa? "Hajawahi kunguruma maisha yake yote" ni jibu la kutilia shaka. Ama hawakumtazama, ama walimpiga mpaka akaacha.

Na hili la kunguruma mlijadili na mume wako na mama mkwe kabla mbwa hajaingia. Mbwa ana ngazi zake: kwanza hugeuza uso, kisha hujilamba pua, kisha huondoka, kisha huganda, kisha hunguruma, na meno ni ya mwisho. Watoto hawazioni ngazi za chini. Mbwa akinguruma, mwondoe mtoto kwa utulivu, mbwa apelekwe kwake, halafu mkae mjiulize nini kilitokea dakika moja kabla. Mkimchapa kwa kunguruma, mmekata waya wa king'ora na moto mmeuacha unawaka. Safari nyingine atapanda ngazi ya mwisho moja kwa moja.

Watoto wadogo wengi wanaong'atwa hung'atwa nyumbani, na mbwa wanayemjua, mara nyingi wakiwa wamemwendea yeye akiwa amelala, anakula au ameshika kitu. Hushikwa usoni na shingoni kwa sababu ya kimo chao. Kwa hiyo kabla ya kununua bakuli, wekeni geti la ndani lenye kimo cha mita 1 mlangoni mwa chumba kimoja. Nyuma yake kuwe na tandiko la mbwa, maji na chakula chake, na mtoto asikanyage huko hata siku moja. Mama mkwe akipika, akisali au akipumzisha magoti, mbwa yuko nyuma ya geti. Kuwaangalia maana yake ni mkono wako unaweza kumfikia binti bila kuinuka. Kuwa chumba kimoja huku unasoma simu hakuhesabiwi. Wiki mbili za kwanza binti na mbwa wakutane kwa dakika 5 hivi, mara mbili tatu kwa siku, mbwa akiwa na kamba na mtu mzima ameishika. Msimhukumu tabia kabla ya miezi 3. Wengi huja wanyamavu kwa woga na kujionyesha walivyo baadaye.

Kijana anaweza kushika sheria: hakumbatii shingo, hampandi mgongoni, haamshi aliyelala, hanyang'anyi alichoshika mbwa bali humwita mtu mzima. Mbwa akichangamka kupita kiasi asimame kama mti, mikono imekunjwa kifuani, macho chini. Binti hawezi kushika sheria hata moja kwa umri wake, na kumkaripia ni kujichosha. Geti ndilo sheria yake.

Pumu: hakuna mbwa asiyeleta mzio. Kinachosumbua ni protini iliyo kwenye mate na chembe za ngozi, unywele huibeba tu. Utafiti wa mwaka 2011 uliopima vumbi majumbani haukukuta protini hiyo ikiwa pungufu kwenye nyumba za mbwa wanaouzwa kama "wasio na mzio". Mwoneni kwanza daktari wa kijana, kisha kijana akae na mbwa huyohuyo mnayemfikiria saa moja au mbili, siku tatu tofauti, mtazame kifua usiku wake. Akija, mbwa asiingie chumba cha kulala cha kijana kabisa.

Upande wa afya, mbwa mtu mzima aje na kadi yenye tarehe za chanjo, hasa ya kichaa cha mbwa, na siku ileile ya kumchukua apitie kwa daktari wa mifugo. Dawa ya minyoo kila miezi 3 ni desturi nzuri penye watoto. Kinyesi kiokotwe kila siku: mayai ya minyoo ya duara huhitaji wiki mbili au zaidi udongoni kabla hayajaweza kumwambukiza mtu, kwa hiyo anayeokota leo ameshawawahi. Yeyote akichanwa au kung'atwa, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili kwa saa, kisha hospitali siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo na mbwa ni wenu.

Sasa mwambieni kijana majibu yake. Kulisha, ndiyo, kwa mpango. Yeye ndiye mwenye kikombe cha kipimo: anachota kiasi mlichopangiwa na daktari, anapangusa juu kwa kiganja, anamimina kwenye bakuli lililo mezani. Mtu mzima analipeleka nyuma ya geti, na kijana anafunga geti. Kila Jumapili apitishe vidole ubavuni mwa mbwa pamoja nawe. Mbavu zihisike bila kubonyeza na zisionekane kwa mbali. Zikipotea, kikombe kipungue.

Kutembeza peke yake, hapana, na asiudhike. Mbwa wa kilo 28 akimwona paka atamburuta kifudifudi. Mfungeni kamba mbili kwenye mkanda wa kifuani. Ya kwanza ishikwe na mume wako, hiyo ndiyo inayomzuia mbwa. Ya pili ishikwe na kijana, ndefu kuliko ya baba na imelegea, wala asiizungushe kiganjani. Atakuwa ndiye anayeamua wageuke kona ipi.